Re: Rubani wa jeshi kusoma PhD, inawezekana?

Mkuu umeuliza kama unaweza kupiga PhD huku bado unarusha ndege za jeshi. Inawezekana ila sio vyote kwa mpigo. Masta ya mtandaoni inabebeka ukiwa kikosini, PhD ngumu, utafiti unataka muda mrefu usiokatwa katwa na wewe leo uko hapa kesho umepangiwa misheni, na usiku kabla ya kuruka unatakiwa ulale sio uandike tasnifu, hilo halina mjadala.

Njia inayolipa ni jeshi likuachie usome ful taimu. Mcheki Buzz Aldrin, yule mwanaanga wa Marekani aliyefika mwezini, alirusha ndege ya kivita F-86 vita vya Korea, baadae akiwa bado mwanajeshi akamaliza shahada ya udaktari wa sayansi (ngazi ya PhD) chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1963, mada yake jinsi vyombo viwili vya anga vinavyokutana kwenye obiti, na NASA, shirika la anga la Marekani, wakamchukua awe mwanaanga mwaka huo huo. Mada aliichagua kwa akili sana yule mzee.

Ila soma mkataba kabla hujasaini, mara nyingi shule ya kulipiwa inakuongezea miaka ya utumishi, na ukikaa sana bila kuruka unarudishwa kwa mwalimu kama kuruta vile. Mimi ningejaza kwanza saa za kuruka, maombi ya shule nipeleke nikikaribia kupangiwa zamu ya ofisini.