Kaka yangu hapimwi, anaandikiwa rufaa tu

SWALI: Shikamoo Muuguzi. Kaka yangu aliumia uti wa mgongo. Kuanzia kifuani kwenda chini hana hisia, anatumia kiti cha magurudumu na mpira wa mkojo. Kijijini kwetu zahanati iko mbali na njia ni mbovu. Tukifika wanaulizia miguu tu, kisha wanatuandikia rufaa, hata kama kilichotupeleka ni homa. Mara ya mwisho tuliambiwa asiletwe tena, niwe nafuata dawa mwenyewe. Je, ni sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si sawa hata kidogo, na nimeudhika kusoma hivyo. Homa ya kaka yako inaweza kutoka kwenye mkojo, kwenye mapafu, au kwenye kidonda alichokikalia bila kukisikia. Anayekupa dawa bila kumwona anabahatisha.

Kwanza presha. Inapimwa mkononi akiwa ameketi palepale kwenye kiti chake, kwa hiyo hakuna kisingizio. Naomba ipimwe hata siku ambayo ni mzima, na uiandike kwenye daftari. Walioumia uti wa mgongo usawa wa kifua au juu zaidi, mara nyingi presha yao ya kila siku iko chini kuliko ya wengine. Kipimo ambacho mhudumu atakiona cha kawaida, kwa kaka yako kinaweza kuwa cha hatari.

Hatari yenyewe huja hivi: kichwa kinamgonga ghafla, jasho linamtoka usoni na shingoni, presha inapanda. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa au choo kilichofunga. Mketishe wima, mlegezee nguo, angalia kama mpira umejikunja au umeziba. Asipotulia upesi, mkimbizeni. Hiyo ni dharura, inaweza kuleta kiharusi.

Ngozi nayo. Kila siku mkague makalio, mfupa wa mkia, nyonga na visigino; kwa maeneo asiyoyaona atumie kioo au umsaidie. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta doa lililokoza, joto, au sehemu iliyo ngumu. Akiwa kwenye kiti ainue makalio au ainamie upande kila baada ya dakika 15 hadi 30. Doa likionekana, asilikalie kabisa hadi lipotee.

Zahanati wanapaswa kumlaza, kumvua na kumgeuza. Hapo ndipo wengi wetu wauguzi tunaparuka, eti kitanda kiko juu. Basi godoro liwekwe sakafuni! Uzito? Apimwe na kiti chake kwenye mizani ya magunia, kisha kiti kipimwe peke yake, mtoe uzito wa kiti.

Zungumza na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, bila ugomvi. Mwambie Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 25, unataka huduma za afya ziwe karibu na watu wanakoishi, vijijini pia. Muombe mhudumu wa afya ya jamii awe anapita nyumbani kukagua ngozi na kupima presha, na mkubaliane siku ambayo kaka yako akifika watakuwepo watu wawili wa kumnyanyua. Rufaa tusiikatae, ila ije baada ya kupimwa. Na maswali wamuulize kaka yako mwenyewe, kwani anasikia na anajibu.