Kwa mnaoanza Skyrim: msikiuze kile kisu

Vijana wengi wanaoanza kucheza Skyrim, gemu ya mapanga na majoka, huku kwetu Mwanga, Kigoma, wametokea kwenye gemu za mpira. Wakiokota kisu cha chuma wanaona nguvu yake ya pigo ni 4, ya upanga wa chuma ni 7, basi kisu kinaishia kwa mwenye duka pale Riverwood, kijiji cha mwanzoni mwa gemu. Wadogo zangu, msikiuze. Ile 4 ni ya kupigana uso kwa uso, na kisu hakikuwekwa kwenye gemu hii kwa ajili ya uso kwa uso.

Hesabu iko hivi. Ukichutama ukampiga adui ambaye hajakuona, pigo lako linazidishwa. Mwanzoni silaha yoyote ya mkono mmoja inazidishwa mara 3, kwa hiyo upanga unatoa 21 na kisu 12. Ukifika levo 30 ya Sneak, yaani ustadi wa kunyata, ukachukua uwezo wa ziada unaoitwa Backstab, inakuwa mara 6, na bado upanga uko mbele. Wengi hukata tamaa hapo, wakati zimebaki levo 20 tu. Pitia Deadly Aim, ambayo ni ya upinde lakini njia ni hiyohiyo, halafu kwenye Sneak 50 chukua Assassin's Blade. Kuanzia hapo kisu, na kisu peke yake, kinazidishwa mara 15. Kile cha 4 sasa kinatoa 60. Upanga umebaki na 42. Lile panga kubwa la mikono miwili lenye 15, ambalo kila mgeni analitamani, linazidishwa mara 2 tu: 30. Na ukijiunga na Dark Brotherhood, kundi la wauaji wa kukodiwa, unapewa glavu zinazofanya pigo hilo liwe maradufu, yaani 120 kwa kisu cha kuokota.

Ndiyo maana nawasisitiza mnoe. Kwa Alvor, mhunzi wa Riverwood, jiwe la kunolea lipo nje, na kipande kimoja cha chuma kinatosha kukiboresha kisu chako. Kila pointi moja utakayoongeza pale, mgongoni kwa adui inahesabiwa 15.

Kazi yenyewe hasa ni kunyata, na huko hakuna wa kukusaidia. Mazoezi mazuri yapo Bleak Falls Barrow, mlimani juu ya Riverwood, kwenye vyumba ambako wafu wanaoitwa draugr wamelala kwenye mashimo ya ukutani. Chutama kabla hujaingia. Zima tochi; wavuvi wetu huwasha taa ziwani usiku ili dagaa waifuate, na ukiingia na mwanga mle ndani, wewe ndiye umewasha taa. Vua viatu vya chuma, vaa vya ngozi. Kisha tazama lile jicho katikati ya skrini. Likiwa limefumba, sogea. Likianza kufumbuka, simama kabisa, usirudi nyuma kwa pupa, ngoja lifumbe tena. Sogea taratibu mpaka uwe karibu kuliko unavyodhani inatosha, maana kisu ni kifupi kuliko upanga, na ukikata hewa umeshamwamsha huyo na jirani yake. Pigo moja, kisha tulia uangalie jicho kabla ya kumwendea wa pili. Angalia na sakafu: kuna kibao cha mawe chenye mtego, ukikikanyaga geti la misumari linakupiga.

Utasikia kuna njia ya mkato, ya kumdunga mgongoni yule anayekuongoza kutoka Helgen, mji unaoutoroka gemu ikianza, ambaye hafi, mpaka Sneak ipande. Kweli inapanda. Ila mchezaji wa namna hiyo anafika Sneak 50 hajui kusoma jicho, na draugr wa kwanza mwenye nguvu anamwonyesha.

Spika zenye kelele za kibandani hazifai kwa mtindo huu, tafuteni hedifoni. Nyayo za adui, mlango unaofunguka, mtu anayeongea peke yake nyuma ya kona, vyote vinasikika kabla hujaviona. Na kwa wanaotumia kompyuta, bonyezeni F5 kabla ya kila chumba. Umeme hauombi ruhusa.

Mkionekana, acheni ushujaa. Kisu kinapigwa haraka kuliko upanga, ni kweli, lakini pigo la 4 halimwangushi mtu mwenye ngao. Wekeni upanga au upinde kwenye orodha ya vipendwa ili mbadilishe silaha papo hapo, au kimbieni mkajifiche gizani mpaka wachoke kutafuta, mwanze upya. Majoka nayo yakiwa yanazunguka angani hayanyatiwi: hapo ni upinde, na kisu kinabaki kiunoni.