Menyu haijafutika, imekosa nafasi tu

Pole dada. Umesema umebadilisha themu (mavazi yanayoipa tovuti sura yake) ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, kwenye tovuti ya nyumba yenu ya wageni hapo Tukuyu, menyu ya juu ikatoweka. Usianze kuitengeneza upya, bado imo. Kila themu ina nafasi zake za menyu, na hiyo mpya haijaambiwa iweke ipi wapi. Kwenye ukurasa wa usimamizi wa WordPress, ingia Mwonekano, kisha Menyu, chagua ile ya zamani, shuka chini utie tiki kwenye nafasi ya menyu kuu, hifadhi. Kama Menyu haionekani hapo, themu yako ni ya bloku, yaani inayojengwa kwa vipande vipande (zilikuja na toleo 5.9 la WordPress, mwaka 2022): fungua Kihariri, gusa kichwa cha tovuti, uichague menyu yako ya zamani ndani ya bloku ya menyu.

Ukishaipata, nakuomba uipunguze. Mgeni kashuka stendi ya Nane Nane, Mbeya, usiku, anatafuta chumba kwa simu, mtandao unasuasua. Anataka Vyumba, Bei na Mawasiliano, basi. Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu viweke chini ya “Matembezi”, kisha viburute kidogo kulia viwe menyu ndogo.