Mjadala wa tabianchi nilioshindwa kwa daftari la shule

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliniandikia: "Kaka, tuna mjadala juu ya mabadiliko ya tabianchi na kilimo. Nifanye nini nishinde?" Nikakumbuka ukumbi mmoja wa Kadutu ambako niliaibika mbele ya watu, na aibu ile haijaniisha.

Nilikwenda na hesabu za dunia: joto limepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu karne ya 19, na kwa kila nyuzi moja hewa hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, hivyo mvua ikianguka inaanguka kwa nguvu. Ni kweli yote. Makofi yakanilevya, nikadai hata migomba inayokauka Kabare, vilimani jirani na mji, ni tabianchi.

Mama mmoja mkulima akasimama, mkononi daftari la shule lililochanika jalada. "Mwanangu, migomba yangu iliuawa na mnyauko. Ule ni ugonjwa, unatembea na panga chafu kutoka shamba hadi shamba. Unalitetea panga?" Kisha akaniuliza mvua ya kupandia maharagi ilianza lini mwaka ule. Nikanyamaza. Yeye akafungua daftari: mjukuu wake ameandika kila mvua tangu mwezi wa kenda, na mistari miwili imekatwa kwa wino mwekundu, mara mbili walizopanda, jua likaunguza miche.

Nililala na hasira. Niliikubali hoja yake baadaye sana, niliposoma habari za Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Mafuriko ya mwezi wa tano 2023 yaliua zaidi ya watu 400 katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na wanasayansi waliotaka kupima mchango wa tabianchi hawakupata jibu la hakika, kwa sababu vipimo vya mvua vya eneo hili ni haba mno. Kile walichokikosa, mama yule alikuwa anakiandika kwa kalamu!

Mjadala uliofuata nilishinda, na ninajivunia.

Basi ndugu yangu, usiitwike tabianchi kila kitu. Miti tunayoikata kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, inalegeza vilima, hilo ni letu, liseme waziwazi. Tenganisha ugonjwa, udongo na mvua. Na kabla ya mjadala panda hadi Kabare, uliza wakulima tarehe za kupanda, uandike. Zikiwa tatu tu, nitumie, nimpelekee yule mama azilinganishe na zake.