Pevingi Zikibonyea, Tazama Maji Kwanza

Njia ya gari ya nyumbani iliyotandikwa pevingi, yaani matofali ya saruji ya sakafuni, ikianza kubonyea, lawama humwangukia fundi au uzito wa gari. Mara nyingi mkosaji ni maji. Yanapenya pale mchanga ulipopungua kwenye maungio, yaani nafasi kati ya tofali na tofali, yanahamisha mchanga wa chini, halafu gari linamalizia kazi.

Kwa hiyo ukaguzi wa maana ni ule wa baada ya mvua kubwa. Ikikatika, subiri kama saa moja, kisha tembea ukiwa na chaki. Dimbwi lililobaki lizungushie mstari papo hapo, maana pakikauka hutapaona tena. Tazama na bomba la gata: kama linamwaga juu ya pevingi, lirefushe hadi mtaroni. Mteremko unaofaa ni kama sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba.

Mchanga wa kwenye maungio ukishuka milimita 3 hadi 5 chini ya uso wa tofali, si neno. Ukipita sentimita 1, jaza. Chagua siku ya jua, tumia mchanga laini uliochekechwa na kukauka kabisa, umwage juu na kuufagia kwa mshazari, kwanza upande huu kisha upande wa pili. Gonga matofali kidogo ili ushuke, rudia. Mchanga wenye unyevu huziba mdomo wa juu tu, chini kukabaki tupu. Wapo wanaochanganya na saruji wakidhani wanaimarisha. Pevingi zimeundwa zicheze kidogo. Saruji ikishikamana hupasuka, na vipande vyake vikishang'oka kazi inaanza upya.

Mashine ya kuoshea kwa maji ya presha ndiyo inayomaliza mchanga huo kwa haraka kuliko kitu kingine. Ukilazimika kuitumia, kaa na mdomo wake kama sentimita 30 juu, uulaze, usielekeze maji moja kwa moja kwenye maungio. Pakikauka, jaza mchanga tena.

Magugu mengi hayatoki chini. Mbegu huletwa na upepo zikaota kwenye vumbi la juu. Yang'oe yangali machanga, na mzizi wake. Chumvi usimwage, huchakaza tofali na kuua bustani iliyo kando ya njia.

Oili ikidondoka, funika kwa vumbi la mbao au mchanga mkavu bila kusugua, acha saa kadhaa, fagia, kisha sugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Petroli huizamisha oili ndani zaidi, tena ina hatari ya moto. Asidi nayo hula saruji ya tofali lenyewe.

Palipobonyea, usijaze mchanga juu. Ng'oa tofali la kwanza kwa bisibisi mbili bapa, moja kila upande, ukilipandisha kidogo kidogo. Yanayofuata hutoka kwa mkono. Toa eneo lipite alama ya chaki kwa matofali mawili kila upande. Kokoto za chini zikiwa zimelegea, ongeza na uzishindilie kwanza, maana mchanga mnene hauwezi kuwa msingi. Kisha tandaza mchanga wa sentimita 3 hadi 5, usawazishe kwa ubao, rudisha matofali yakiwa juu ya wenzake kwa milimita 5 hivi, uyapige kwa nyundo ya mpira hadi yalingane. Jaza maungio.

Kama kinachobonyea kiko pembeni, angalia kabistoni, yaani mawe ya zege ya ukingoni, kabla ya kugusa tofali hata moja. Ikilegea, safu nzima husogea nje, maungio yanafunguka, na mchanga wowote utakaotia utapotea. Ishikize upya kwa zege upande wa nje. Na dereva asikate usukani gari likiwa limesimama: tairi linalozunguka pale pale husokota matofali mpaka yaachane.