Maiki iliyomeza "no" ya mgonjwa wangu

Nianze na aibu yangu kwanza. Siku moja nimemaliza kliniki, nimechoka hoi, napitia noti nilizodikteti tangu asubuhi kabla sijazisaini, nikakutana na mgonjwa mmoja wa presha ambaye nakumbuka vizuri kabisa aliniambia kifua hakimuumi. Noti inasema kinamuuma. "Chest pain", nukta, basi. Mi nilisema "no chest pain", naweza kula kiapo, sasa hiyo "no" imekwenda wapi? Nikarudi kwenye noti za juu yake nikakuta "fever" ambayo ilikuwa "no fever", na nyingine na nyingine, zote zimetokea pale ambapo nilinyamaza kidogo halafu nikaanza sentensi mpya. Wiki nzima nilikuwa naisema vibaya programu ya kudikteti, kumbe mwizi nimemvaa kichwani mwenyewe, hedseti ya Bluetooth ya gharama, ile ambayo kila aliyeiona aliisifia.

Sasa kwa sababu watu wananiuliza sana hedseti ninunue ipi ninunue ipi, ngoja niandike nilichojifunza kwa kupoteza hela, na kama unadikteti noti za wagonjwa kama mimi, yaani unaongea na kompyuta inaandika huku mikono iko kazini, huenda utaokoa za kwako.

Kuhusu hiyo "no" iliyomezwa. Hedseti nyingi za Bluetooth zina njia mbili za kupitisha sauti. Moja ni ya muziki, sauti inakuja sikioni safi kabisa lakini maiki imelala. Nyingine ni ya simu, maiki inaamka na ubora wa sauti unashuka, na nadhani umeshawahi kuona muziki ukigeuka ghafla kama unatoka ndani ya kopo pale simu inapoingia. Programu ya kudikteti inapoanza kusikiliza, au inapoanza tena baada ya wewe kunyamaza, hedseti inalazimika kuhama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili, na kuhama huko kunachukua muda kidogo, wakati mwingine ni kufumba na kufumbua lakini wewe umeshaanza kuongea. Neno la kwanza limekwenda na maji. Kwenye simu hujali, "haloo" ikikatika unasema haloo tena. Kwenye noti ya mgonjwa neno la kwanza mara nyingi ndio hilo hilo "no", na bila hilo sentensi haiwi na makosa ya spelling wala sarufi, inakuwa sahihi kabisa na ya uongo kabisa, hata jicho lako linaipita.

Halafu kuna hiyo sauti ya kopo yenyewe. Njia ya simu ya Bluetooth ya zamani inachukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, yaani inaipima sauti mara 8,000, na inaweza kubeba nusu ya namba hiyo tu, kwa hiyo sauti yoyote nyembamba iliyozidi hezi 4,000 inatupwa, na huko juu ndiko zinakoishi S na F. Ndio maana ukitaja herufi kwenye simu unalazimika kusema S ya samaki, F ya familia. Hedseti mpya zaidi zinachukua 16,000 na hapo mambo yanakuwa afadhali sana. Na hapa sikiliza vizuri kwa sababu ndipo watu wanapigwa: programu nyingi za kutambua maneno, Whisper ya OpenAI ikiwemo, zinafanya kazi kwa sampuli hizo 16,000. Ukishaipa 16,000 zilizo safi umemaliza. Maiki inayojisifu kwamba inarekodi 96,000 kama za studio ni nzuri kwa mwanamuziki, kwako wewe zile za ziada zinatupwa kabla programu haijaanza hata kusikiliza.

Kosa langu la pili ni boksi. Boksi liliandika kwa herufi kubwa kwamba hedseti inaondoa kelele, mi nikajua nimemaliza. Sikujiuliza inaondoa kelele kwenye masikio ya nani. Kuna teknolojia inayokufanya WEWE usisikie feni na makelele ya koridoni, hiyo ndiyo inayouzwa kwa mbwembwe, na kuna ile inayofanya MAIKI isiyasikie. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Mi nilikuwa nimekaa kwenye ukimya wa raha zangu huku kompyuta inasikia sista anaita jina la mgonjwa anayefuata na inaliandika kwenye noti ya huyu aliyepo. Tena ukiwa umezibwa masikio hujisikii vizuri, unaanza ama kupaza sauti ama kunong'ona, mgonjwa anakushangaa. Kwa kazi hii mi naona sikio moja liwe wazi, basi.

Kitu kinachoishinda kelele kuliko kingine chochote ni umbali, na hakiandikwi kwenye boksi kwa sababu hakiuzwi. Ukiongeza umbali kati ya mdomo na maiki mara mbili, sauti yako inashuka desibeli 6 hivi, lakini kelele ya chumba haishuki, yenyewe iko pale pale imekaa. Kwa hiyo maiki ya laptopu iliyo nusu mita kutoka mdomoni inashindana na feni, kiyoyozi na mtoto anayelia, wakati maiki ya bei ya kawaida iliyo kwenye kijiti mbele ya shavu lako inakusikia wewe tu. Ndio maana nawaambia watu tafuta hedseti yenye kijiti. Vile vya kuchomeka sikioni visivyo na kijiti maiki yake iko karibu na sikio, sio mdomo, halafu inajaribu kubahatisha. Maiki ya kubana kwenye kola nilijaribu pia, inasugua koti ukiinama, na ukigeuza shingo kumwangalia mgonjwa sauti inapungua, ukirudi inaongezeka, programu inachanganyikiwa. Hedseti uzuri wake kichwa kikigeuka na yenyewe inageuka, umbali ni ule ule asubuhi mpaka jioni.

Kijiti usikiweke mbele ya mdomo lakini. Kiweke pembeni, kama vidole viwili kutoka kwenye kona ya midomo, kwa sababu P na B zinatoka na upepo na upepo ukiipiga maiki moja kwa moja inasikia bomu. Ukiweza weka na kasponji kake. Na ukishapata pahala pake pazuri pakumbuke, kila siku pale pale, maana nusu ya malalamiko ya "leo imegoma" ni kijiti kimepanda usawa wa pua.

Waya au bila waya? Jibu langu halina mbwembwe: kama unakaa mezani, chukua ya waya ya USB. Haina chaji ya kuisha, haina kuhama njia, neno la kwanza linafika. Nasema ya USB na sio ile ya plagi ya duara kwa sababu ya USB inageuza sauti kuwa data humo humo ndani yake, wakati ya plagi inategemea mashine yako, na laptopu nyingi za ofisini zina mngurumo wake hapo kwenye tundu. Kama unazunguka wodini na huwezi kuburuta waya, kuna hedseti zisizo na waya za aina ya DECT, teknolojia ile ya simu za mezani zisizo na waya, zinatumia masafa ya karibu gigahezi 1.9 kwa hiyo hazigombani na Waifai ambayo inabanana na Bluetooth kwenye 2.4. Zinafika mbali zaidi pia. Ila angalia umeinunua wapi, kwa sababu za Ulaya zinatumia megahezi 1880 hadi 1900 na za Marekani 1920 hadi 1930, ya Ulaya haitakiwi kuwashwa Marekani, wala ya Marekani Ulaya. Na Bluetooth je? Sijasema uitupe, ila ijaribu kwa neno la kwanza kabla hujailipia, na yenye kidude chake cha kuchomeka kwenye USB kwa uzoefu wangu inatulia zaidi kuliko kuiunganisha na Bluetooth ya laptopu.

Halafu kuna suala la stetoskopu ambalo wanaotengeneza hivi vitu sidhani kama wamewahi kulifikiria. Hedseti yangu ya kwanza ilifunika masikio yote mawili. Kila nikitaka kusikiliza kifua naivua, inaning'inia shingoni, inagonga stetoskopu, kijiti kinaelekea dari, nikiirudisha kinahitaji kupangwa upya, na nimegusa kila kitu kwa mikono ambayo imetoka kumgusa mgonjwa. Hapo hands-free iko wapi? Kuna hedseti za mfupa, zinakupitishia sauti kwenye mfupa wa shavu, zinakaa mbele ya sikio na tundu la sikio linabaki wazi, stetoskopu inaingia bila kuvua kitu. Nilizipenda. Lakini chagua zile zenye kijiti cha maiki, sio zile za wakimbiaji, kwa sababu mfupa unakuletea sauti wewe tu, maiki ni maiki ya kawaida na kama haina kijiti iko mbali na mdomo. Ukivaa miwani au mtandio jaribu vyote kwa pamoja kabla hujanunua, masaa mawili sio dakika mbili.

Na hilo neno hands-free wengi wanalielewa nusu. Kutoshika maiki ni nusu ya kwanza, nusu ya pili ni kuiwasha na kuizima bila kushika. Mwenzangu wa patholojia yeye anakata vipande vya mwili vinavyoletwa kupimwa, glavu zimelowa, hata kugusa kitufe kwake ni mtihani, na mashine ya kuvuta hewa iko juu ya kichwa inanguruma siku nzima. Anatumia pedali ya mguu, akikanyaga inasikiliza, akiachia inanyamaza. Kuna amri za sauti za kuamsha na kulaza maiki pia, ila maiki inayosubiri kuamshwa inasikiliza muda wote, na siku moja mgonjwa atakueleza habari za ndoa yake na zitakaa kwenye faili. Mi pia nimehamia kwenye pedali. Kama huna, basi angalau hedseti ambayo ukiinua kijiti juu maiki inazima yenyewe, unaona kwa macho imezima, tofauti na kialama cha kwenye skrini ambacho hujui kinasema kweli au la.

Ukiwa unavaa barakoa ujue nayo inakula sauti, na inakula zile za juu, S na F tena. Ya upasuaji ya kawaida inapunguza kama desibeli 3 au 4, N95 inakaribia 12. Sogeza kijiti karibu kidogo lakini kisiguse kitambaa, mkwaruzo wake programu inaweza kuuandika kama neno.

Usafi niseme haraka haraka. Hedseti ni ya mtu mmoja kama mswaki, msishirikiane zamu. Kava za masikio za ngozi bandia zinafutika, za sponji zinanyonya jasho na kila kitu. Angalia mtengenezaji anaruhusu spiriti au la, kuna kava zinapasuka kama ardhi ya kiangazi.

Ukishanunua, ingia kwenye mipangilio ya kompyuta, zima yale yote yanayojiita kuboresha sauti. Hasa ile inayojiongeza sauti yenyewe: ukinyamaza kufikiri inaona kimya, inajipandisha mpaka feni inakuwa mhusika mkuu, halafu ukianza kuongea neno la kwanza linakuja limepasuka. Neno la kwanza tena, unaona. Na kama mfumo wenu wa noti unakaa kwenye seva ya mbali, unaufungua kupitia dirisha la kwenye skrini yako, fanya majaribio humo humo, sio kwenye laptopu peke yake, maana sauti inabanwa njiani na maiki iliyong'ara nyumbani inaweza kufika huko imechoka.

Majaribio yenyewe mi nafanya hivi. Nina aya moja niliyoiandika, ina "fifteen" na "fifty", ina haipatensheni (presha ya juu) na haipotensheni (presha ya chini), ina majina ya dawa ninazoandika kila siku na dozi zake, na ina sentensi tano zinazoanza na "no". Naisoma kwa sauti yangu ya kawaida, chumba kile kile ninachofanyia kazi, saa ile yenye fujo, kila maiki mara mbili. Sihesabu makosa tu, naangalia ni makosa gani. Maiki iliyokosea "the" mara sita nitaichukua kabla ya ile iliyokosea mara moja tu lakini imegeuza 15 kuwa 50.

Saa hizi nina ya waya ya USB kliniki, sikio moja, na ya mfupa yenye kijiti nikienda wodini. Ile ya gharama nasikilizia muziki, na kwa muziki haina mpinzani kwa kweli. Lakini kitu kingine nilichobadilisha hakikuuzwa dukani. Siku hizi sisemi tena "no chest pain", nasema "patient denies chest pain", yaani mgonjwa anakana kuumwa kifua. Maiki ikila neno la kwanza, imekula "patient".