Nyimbo za kuanzia marimba ya Kigogo (ilimba)

Je, watu wazima wanaoanza kujifunza ilimba, kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa magumba, waanze na tenzi za kanisani? Hapana, usiwaanzishie hizo, hata kama wote wanazijua kwa moyo. Ilimba ya kienyeji haitoi sauti zote saba za do-re-mi. Mfumo wa Wagogo una sauti tano hivi, kwa hiyo katikati ya ubeti mwanafunzi anatafuta fa, haipo, naye anadhani kosa ni lake. Watu wazima wengi huachia hapo, na inauma kwa sababu vidole vyao vilikuwa tayari.

Chukua wimbo wa kuitikiana wenye kiitikio kifupi, maneno manne au matano yanayorudiwa. Gumba la kushoto, la kulia, la kushoto, mzunguko uleule mpaka mikono iende bila kutazamwa, ndipo waimbe juu yake. Kinachowachanganya hasa ninaowafundisha ni kuimba na kupiga kwa pamoja, kuliko kupiga kwenyewe.

Ila sikiliza kwanza ilimba yenyewe. Zipo zinazotengenezwa siku hizi kwa mpangilio wa kizungu, na kwenye hizo, tenzi fupi zinapigika vizuri. Tena sauti hurekebishika: ukisogeza ulimi wa chuma ndani au nje kidogo, inabadilika.